Seva ya bukingi yafa kila mji ukijaa wageni: ram 4GB haitoshi ama ni setingi?

mwana_langoni (Lamu)

Assalam aleikum na habari za saa hii wote. Kuna seva hapa imenichosha akili, naomba wenye ujuzi wanisaidie. Ni mfumo wa bukingi wa nyumba za wageni na mashua hapa Lamu, nyumba za Mkomani, Langoni na Shela, na zile safari za Takwa na Manda Toto. Niliachiwa na jamaa aliyeutengeneza alafu akaenda zake Nairobi, mimi kazi yangu ni kuuweka hai tu. Siku za kawaida waenda sawa, kurasa zafunguka haraka hakuna wa kulalamika. Lakini mji ukianza kujaa, yaani wiki ya Maulidi ama Desemba ndege zikishuka Manda moja baada ya nyingine, seva inakuwa nzito, alafu 502 (kosa la seva kukosa jibu la kumpa mgeni), alafu databesi yenyewe inazima kabisa mpaka niingie kwa SSH (kuingia seva kutoka mbali) niiwashe kwa mkono. Mara ya mwisho ilizima usiku watu wako Msikiti wa Riyadha, simu ikaanza kulia haikomi, mwenye nyumba mmoja kule Shela aniambia mgeni ashalipa kwa M-Pesa na mfumo wasema hajalipa. Mgeni yuko mlangoni na mabegi.

Seva ni VPS (seva ya kukodi) iko Ujerumani, prosesa 2, ram 4GB, haina swapu (sehemu ya diski inayosaidia ram). Ndani kuna Ubuntu, nginx ya kupokea wageni wa websaiti, PHP-FPM 8.1 ya kutengeneza kurasa, MariaDB ndo databesi, na Redis ya sesheni (kumbukumbu ya nani kaingia) na kashe (majibu yaliyohifadhiwa tayari) kidogo. Setingi nilizozikuta ni hizi, sijagusa kitu:

pm = dynamic
pm.max_children = 200
memory_limit = 512M
innodb_buffer_pool_size = 3G
opcache.memory_consumption = 128
maxmemory ya redis haijawekwa

Na kwenye logi ya keneli nikakuta hii:

Out of memory: Killed process 1187 (mariadbd)

Sasa niongeze ram iwe 8GB (wenye nyumba ndo wanachanga na hawataki hata kusikia habari ya kuongeza) ama kuna kitu cha kurekebisha? Na mbona MariaDB inakula hivyo? Nafikiria niipunguze tu hiyo 3G ya buffer pool (ram ya kuhifadhia data ya databesi) nione.

kijana_wa_kisauni

Bro ongeza ram usijisumbue. 4GB miaka hii ni kitu gani, simu yangu yenyewe ina 6.

bi_seva (Malindi)

Wa aleikum salaam. Mwana Langoni usitoe pesa ya mtu bado, na wewe wa Kisauni pole pole, simu yako haiuzi vyumba 😄

Ukienda 8GB na hiyo 200 ya max_children (prosesi za PHP zinazoruhusiwa kwa pamoja) ikabaki pale pale, Desemba ijayo utakuwa hapa hapa waandika uzi mwingine. Alafu huo mstari wa Killed process usikudanganye. Hausemi MariaDB ndo mla ram. Keneli ikiishiwa inatafuta prosesi moja kubwa iiue ili ipate nafasi nyingi kwa mpigo mmoja, na kwenye seva kama yako prosesi kubwa kuliko zote karibu kila mara ni databesi. PHP ziko kibao lakini moja moja ni ndogo ndogo kwa hivyo zinapona. Mchuma janga hula na wa kwao, hapa nakisia mchumaji ni PHP na aliyeliwa ni MariaDB. Ukipunguza 3G peke yake itakufa tu, pengine ichelewe kidogo.

Lakini nisihukumu bila ushahidi, hebu tuletee vitu vitatu, wakati seva iko na kazi ya kiasi sio usiku wa manane:

free -m
smem -t -k -P php-fpm
SELECT SUM(data_length+index_length)/1024/1024 FROM information_schema.tables;

smem yaweza kuwa haiko, iweke kwa apt. Usitumie RSS ya ps kupima PHP, manake RSS inahesabu ile kashe ya OPcache (kodi ya PHP iliyotafsiriwa tayari) ndani ya kila prosesi kana kwamba kila moja ina ya kwake na kumbe ni moja wanashirikiana. Watu wanapata hesabu kubwa wanaogopa bure. Angalia safu ya PSS, hiyo inagawa kile wanachoshirikiana.

mwana_langoni

Shukran dada. Databesi yote ni kama MB 700 hivi. PHP kwa PSS kila moja iko kwenye 60, kuna mbili tatu zimefika 200 na kitu. Nikaangalia ni zile zilizotoa ripoti ya mwezi ya wenye nyumba, ile ya Excel.

free -m nayo yasema total 3915, free 96, buff/cache 1340, available 1210. Hiyo free 96 imenitisha kusema kweli.

bi_seva

96 isikutishe. Linux haipendi ram ikae bure, inaweka faili za diski humo, na programu ikihitaji inazitoa. Namba ya kutazama ni available. Ukiona available inashuka chini ya 200 hivi na swapu huna, hapo ndo uanze kusoma dua.

Haya sasa piga hesabu na mimi. Huyo jamaa aliyekuachia aliset kila programu kana kwamba iko peke yake kwenye seva. Ni kama mashua ya Mokowe, wapakiaji wanne na kila mmoja anapakia mzigo wa kujaza mashua nzima bila kumtazama mwenzake. Ile buffer pool ya 3G asili yake ni ule ushauri wa kuipa hadi asilimia 80 ya ram, na ushauri ule ni kwa seva ambayo haina kazi nyingine ila databesi. Data yako ni 700, pool ya 3G ni ya nini? Ikishaweka data yote ndani, iliyobaki haina la kufanya.

200 mara 60 ni MB 12,000. Kwenye ram ya 3,915! Na hapo bado databesi bado Redis. Siku za kawaida haionekani kwa sababu prosesi zinazofanya kazi ni chache, wageni wakija pamoja PHP yafungua tu mpaka 200 kwa sababu umeiruhusu. Alafu kitu kingine cha kuchekesha, max_connections ya MariaDB kama hujaigusa ni 151, kwa hivyo hata ram ingekuwepo, wale 49 wa mwisho wangekula Too many connections.

Ningegawa hivi kwa MB: mfumo wenyewe na nginx 400, MariaDB pool ya 1G na vikorokoro vyake weka 1200, Redis 300, OPcache 150. Toa kwenye 3915 inabaki 1865. Gawa kwa 60 ni 31. Usiweke 31, weka 25, manake kuna zile za ripoti zinazovimba.

Na usione 25 ni kidogo ukasema wageni watakosa. Una prosesa mbili tu. Kama ukurasa mmoja unakula milisekunde 100 za prosesa, basi mwisho wako ni kurasa 20 kwa sekunde, uweke 25 uweke 200 ni 20 tu. Tofauti ni kwamba kwa 25 waliobaki wanangoja foleni kidogo alafu wanahudumiwa, kwa 200 wote wanaingia wanasukumana ndani na hakuna anayemaliza.

memory_limit ni dari ya skripti moja, sio ram iliyotengwa, kwa hivyo 512M yenyewe haili kitu, ila inaruhusu balaa. Shusha 128M kwa websaiti, alafu ile ripoti iendeshe kwa cron (ratiba ya kazi za seva) kutoka komandi laini usiku, ipe 512 yake huko huko peke yake.

fundi_wa_tudor

Hesabu safi, lakini mbona hamjagusa mtandao? Lamu watu wako kwa simu na vichochoro vile vya Mkomani netiweki inapanda inashuka. Mteja mwenye netiweki mbovu akivuta ukurasa sekunde 20 si anashika prosesi ya PHP sekunde 20? Ukimpa 25, wageni 25 wa netiweki mbovu wamekufungia duka.

bi_seva

Swali zuri fundi, ingekuwa Apache na mod_php ningekubaliana nawe moja kwa moja. Hapa mbele kuna nginx, na yenyewe inapokea jibu lote kutoka PHP, inaliweka kwenye bafa zake (likizidi inaandika kwenye diski), PHP inaachiliwa ikahudumie mwingine, alafu nginx inabaki na huyo wa netiweki mbovu inampimia kidogo kidogo. Kumshika mtu kwa nginx ni ram kidogo sana. Ndivyo ilivyo bila kuset kitu, mradi tu kusiwe na mtu ameandika fastcgi_buffering off mahali. Mwana Langoni piga grep (tafuta maneno hayo kwenye faili za setingi) uhakikishe.

mwana_langoni

Nimepiga grep hakuna. Nimeweka zile namba zako dada, 25, 1G, 128M. Nikasukuma seva kwa ab (programu ya kutuma maombi mengi kwa mpigo) kutoka kwa mashini nyingine, haijafa! Databesi imesimama imara. Lakini sasa kurasa zafika sekunde 6, 7 zikiwa watu wengi. Haifi ila inatambaa.

fundi_wa_tudor

Hapo ndo kashe ya nginx inaingia. Wageni wengi wanatazama tu, picha za chumba, bei, mashua inatoka saa ngapi. Hakuna sababu PHP itengeneze ukurasa ule ule mara mia kwa dakika. Weka fastcgi_cache, hata ya sekunde 60 tu inatosha:

fastcgi_cache_path /var/cache/nginx/lamu keys_zone=lamu:10m max_size=500m inactive=30m;
fastcgi_cache_key "$scheme$request_method$host$request_uri";
fastcgi_cache_valid 200 60s;
fastcgi_cache_lock on;
fastcgi_cache_use_stale updating error timeout;
add_header X-Cache-Status $upstream_cache_status;

Kwenye location ya PHP ongeza fastcgi_cache lamu; hiyo 10m ni ya funguo tu, MB moja inabeba funguo kama elfu 8 kwa hivyo hapo una nafasi tele. Ile lock ni muhimu, ukurasa ukiwa bado haumo kwenye kashe na wakaja watu 40 pamoja, mmoja tu ndo anaenda PHP wengine wanangoja jibu lake.

mwana_langoni

Nimeweka vyote, X-Cache-Status yaniambia MISS (yaani haikutoka kwenye kashe). Nikirudia MISS. Kila ukurasa MISS mpaka ule wa kuhusu sisi ambao haujabadilika tangu uandikwe.

kijana_wa_kisauni

Hiyo naijua, weka hii mstari mmoja imekwisha:

fastcgi_ignore_headers Set-Cookie Cache-Control Expires;

bi_seva

JAMANI USIWEKE HIYO. Tafadhali kama ushaiweka itoe sasa hivi na ufute kilichoko ndani ya /var/cache/nginx/lamu, alafu nikueleze.

Nginx inakataa kuweka kwenye kashe jibu lolote lenye Set-Cookie, na inakataa kwa sababu ya maana. Set-Cookie ndo imebeba sesheni ya mgeni. Ukiilazimisha ipuuze, inahifadhi ukurasa pamoja na kuki yake, na kila anayekuja baadaye anakabidhiwa kuki ya yule wa kwanza. Yaani mgeni A kafungua, B na C wote wanaingia kwa sesheni ya A. A akilogini, B anaona bukingi ya A, jina lake, namba yake ya simu, kila kitu. Kwa mfumo wa malipo hiyo si kosa dogo. Hata ukiongeza fastcgi_hide_header Set-Cookie bado wewe umefunika tu, na siku moja utaficha kuki ya mtu aliyekuwa analogini kweli.

Tatizo liko kwa kodi ya PHP. Fanya curl -I kwenye ukurasa wa kuhusu sisi, nakuhakikishia utaona Expires ya tarehe 19 Novemba 1981. PHP ndiyo inayoiweka yenyewe kila sesheni inapofunguliwa, ukiiona tu jua session_start() imeitwa. Jamaa yako bila shaka ameiweka kwenye faili la juu linaloingia kila ukurasa, na wala ukurasa wa kutazama picha hauhitaji sesheni.

mwana_langoni

Subhanallah ni kweli, 1981 iko pale! Na session_start iko kwenye init.php mstari wa pili, kila ukurasa unapitia hapo.

Ile ya Kisauni sikuwa nimeiweka, nlikuwa naandaa chai.

bi_seva

Chai imekuokoa basi.

Sasa fanya hivi, sesheni ifunguke tu kama mgeni tayari ana kuki ya PHPSESSID, ama anapobonyeza buki au logini. Kurasa za kutazama zisiifungue. Alafu kwa nginx, mwenye kuki apite moja kwa moja asiguswe na kashe:

fastcgi_cache_bypass $cookie_PHPSESSID;
fastcgi_no_cache $cookie_PHPSESSID;

Chumba kama kipo au hakipo, hiyo isitoke kwenye kashe wakati wa kulipa. Mtu akiona "kipo" ya sekunde 60 zilizopita kwenye orodha si neno, ila akibonyeza lipa uliza databesi upya, la sivyo utauza chumba kimoja kwa watu wawili na Shela watakuja kukutafuta.

fundi_wa_tudor

Naongeza la M-Pesa manake ndo kilio kikubwa hapa. Taarifa ya malipo inapokuja inakuja kama POST, nginx haiweki POST kwenye kashe kwa hivyo huko hakuna shida. Shida ni kwamba inagonga mlango ule ule na watalii wanaotazama picha, foleni ikiwa ndefu nayo inangoja, ikichoka inakosa jibu na pesa ya mtu inaning'inia. Itengee kundi lake la PHP. Tengeneza /etc/php/8.1/fpm/pool.d/malipo.conf, soketi yake tofauti, pm = static, pm.max_children = 3, na location ya callback (anwani inayopokea hiyo taarifa ya malipo) ielekee huko. Tatu zatosha kabisa kama kodi inapokea, inaandika kwenye jedwali, inajibu basi. Barua pepe kwa mgeni na SMS kwa mwenye nyumba zifanywe baadaye na cron. Usianze kutuma SMS huku huyo anayekupa taarifa ya pesa yuko kwenye laini anakungoja.

mwana_langoni

Hii ya kutenga kundi sikuwahi kuifikiria. Na Redis je? maxmemory niweke 256mb na allkeys-lru kama nilivyosoma mahali?

bi_seva

256mb sawa, allkeys-lru hapana, si kwa hiyo Redis yako moja. Umeniambia sesheni ziko humo humo na kashe. allkeys-lru ikijaa inatupa chochote ambacho hakijaguswa siku nyingi, pamoja na sesheni, mgeni yuko katikati ya kujaza fomu ghafla mfumo haumjui. Ukiacha ilivyo, noeviction, ikijaa inakataa kuandika kabisa. Washa Redis mbili, bandari tofauti, moja ya kashe 192mb na allkeys-lru, nyingine ya sesheni 64mb na noeviction, na hakikisha sesheni zina muda wa kuisha. Redis mbili zenyewe hazili kitu, ni nyepesi. Ukiona kwenye logi yake inalalamikia vm.overcommit_memory, iwekee 1, inataka hivyo kwa sababu ikihifadhi data kwenye diski inajigawa mara mbili na keneli yaweza kukataa.

Alafu swapu. Najua kuna watu hapa wataniandama lakini weka faili la swapu la 1G na vm.swappiness=10. Si ya kuishi humo. Ni ili siku hesabu ikikosea kidogo uone seva imekuwa nzito upate muda wa kuingia, badala ya kuamshwa na simu databesi ikiwa imeshauawa.

OPcache 128 iache, tazama tu oom_restarts kwenye opcache_get_status(), ikiwa 0 inatosha. Watu wanapenda kuipandisha mpaka 512 bila kuangalia hata imejaa kiasi gani.

Na seva kuwa Ujerumani, umbali huo kashe ya seva haiupunguzi. Picha na css zipe expires 30d zikae kwenye simu ya mgeni, zisiende Ulaya na kurudi kila ukurasa.

mwana_langoni

Narudi na ripoti, Maulidi imepita alhamdulillah. Mji ulijaa mpaka mashua za Mokowe zilikuwa na foleni. Seva haikuzima hata mara moja. Nilikuwa natazama X-Cache-Status kwenye simu yangu pale ufukoni watu wakingoja mashindano ya mashua, HIT HIT HIT. available haikushuka chini ya 900. Kurasa za kutazama zafunguka papo hapo, za bukingi zafika sekunde moja hivi, na malipo yote yaliingia.

Kitu kimoja tu, kwenye status ya FPM "max children reached" imekuwa 4. Nipandishe 25 iwe 30?

bi_seva

Maashallah. Usipandishe. 4 kwa wiki nzima ya Maulidi ni kitu kidogo, hao waliongoja kidogo tu alafu wakahudumiwa. Washa slowlog (orodha ya kurasa zinazochelewa) kwanza, request_slowlog_timeout = 3s na faili la slowlog, ujue ni ukurasa gani unakaa. Nakisia ni utafutaji wa vyumba kwa tarehe, hiyo itakuwa inataka indeksi tu.

mwana_langoni

Ndiyo huo huo! EXPLAIN (databesi ikieleza inavyotafuta) yaonyesha inapitia jedwali zima. Nimeweka indeksi ya chumba na tarehe, umeshuka kutoka sekunde 3 mpaka hauonekani tena kwenye slowlog. Mungu akulipe dada, na wewe fundi. Wenye nyumba wamefurahi hawajaongezewa mchango.

kijana_wa_kisauni

Hongera bro. Bi Seva na mimi nina kangu, ni Tomcat, mfumo wa shule, VPS ya 2GB, nimeipa -Xmx2g ili itumie yote na bado inauawa. Java si ndo imejitosheleza humo?

bi_seva

Haijajitosheleza. Xmx ni heap (ram ya data ya programu) peke yake. Nje yake kuna metaspace, kuna kodi iliyotafsiriwa, na kila thread ina stack yake, kwa kawaida hadi MB 1 kwenye Linux ya biti 64, na Tomcat bila kuguswa yaruhusu thread 200. Ukiipa heap 2g kwenye mashini ya 2g keneli yenyewe itakaa wapi? Kama databesi iko humo humo anza na -Xms700m -Xmx700m, maxThreads 50, washa logi ya GC (usafishaji wa heap), alafu fungua uzi wako utuwekee tuone.